Kinu cha Mwinyi Jamali

Majengo twaitwa holi: kaunti itanunua
kinu cha Mwinyi Jamali? Kutu imekitumbua,
mle muguka ni mali, na kamari yachanua;
mrithi wake yu mbali, kodi tu huichukua.

Mama alisaga nazi miaka minane ndani,
leso yake, hadi juzi, yanukia sandukuni.
Na Twaha wangu mlinzi, mlango wa kamarini:
unga wetu na mchuzi watoka humo kinuni.

Waitwa jina kwa jina, kila mtu ainuke.
Bei yasomwa, twaguna: twanunua kutu yake!
Latajwa langu. Naona Twaha na kirungu chake.
Nasimama. Neno sina.
                    “Mama, sema, niandike.”