Kiangazi cha Wenzetu

Wao wanauita msimu wa kiangazi.
Huku Majengo mabati yanachapwa na mvua ya Juni,
Famau ametega ndoo mbili panapovuja
na karai moja juu ya rafu, palipo konsoli,
maana hapo ndipo anapokula.

Saa saba usiku. Tokeni imebaki kumi na moja nukta nne.
Bando tumechanga: mimi hamsini, Chengo hamsini,
Bishaaro kaleta mahamri ya jana na neno lake,
kwamba mwaka huu hawatoi kitu,
kwamba watu hawa hutuonyesha moshi tukadhani ni pilau.

Nina miaka thelathini na mbili. Saa mbili asubuhi
niwe kaunta ya famasi, Mwembe Tayari, koti jeupe,
nikiwaeleza watu kutwa mara tatu.
Mamangu yuwadhani nimelala kwa kina Bishaaro.
Nimelala wapi.

Ya kwanza: magari. Mazuri. Yapite.
Ya pili: joka, upanga, mzee wa sauti nzito
asemaye dunia imekwisha. Kila mwaka dunia yao huisha
kabla ya kodi yangu.
Ya tatu: mpira, uleule, jasho limeongezwa.
Chengo akasimama, "Tazama nyasi! Nyasi zinainama!"
yeye ambaye uwanja aliouchezea maisha yake yote
ni changarawe na magoti.

Ya nne ikatunyamazisha.
Mji wa pwani, vichochoro, mlango wa nakshi
kama wa shangazi yake Famau kule Kuze,
na buti likaupiga teke.
Wenyeji hawakupewa neno hata moja, walipewa kukimbia.
Halafu, nyuma ya askari, kibao: SOKO YA SAMAKI.
"Soko ya?" akasema Famau. "Soko *ya*?"
Kicheko kikatutoka kama bomba limepasuka.
Pesa zote zile, na ngeli imewashinda!
"Hiyo kaandika mtu wa Nairobi," akasema Bishaaro,
tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Lakini mlango ule, mimi niliendelea kuuona.

Sikuja kwa hayo.
Nilimjia mbweha.
Miaka kumi na minne nyuma, benchi hilihili,
sare ya shule nimeifunika kwa buibui,
shilingi ishirini nusu saa,
nilimwongoza mbweha mwenye taa shingoni
mpaka mwisho wa ngazi za barafu, mbele ya mlango,
na gemu ikaishia hapo. Haukufunguka.
Nikasubiri. Nikafanya mtihani, nikasubiri.
Nikaposwa, nikakataa, nikasubiri
(si kwa ajili ya mbweha, ingawa mamangu angeamini).

Saa nane kasorobo. Wameshaaga, wameshukuru,
Bishaaro anakung'uta makombo, "Si niliwaambia?"
Skrini ikawa nyeusi. Nikadhani ni stima.
Kisha tone la mwanga.
Kisha likatembea.

Sikupiga kelele. Chengo ndiye aliyepiga,
akamwaga ndoo. Mimi nilimshika Bishaaro mkono
nusura niuvunje,
kwa sababu mbweha amezeeka: kidevu cheupe,
mguu wa nyuma anauburura kidogo.
Kuna mtu, huko mbali, aliyekaa akaihesabu miaka
na akaona haya kumwacha kijana.
Mlango ukafunguka upana wa kiganja.
Basi. Jina tu. Tarehe hakuna.

"Haitaingia kwenye mashine hii," akasema Famau polepole,
akiipangusa konsoli kama mtu apangusaye mgonjwa.
"Itataka mpya. Na hiyo mpya bei yake..."
hakumaliza.

Nikatoa mia mbili, ya tuktuk ya kurudi.
Akafungua daftari la madeni, ukurasa safi,
akaandika Mejumaa, akaandika mbweha,
akainua kalamu. "Tarehe?"
"Iache wazi."
Tukaondoka kwa miguu mimi na Bishaaro, viatu mkononi,
naye bado anabisha kwamba kile kidevu ni theluji.