Nakala ya Kibokoni

Kitabu ni kimoja, sisi tu saba.
Jalada limeshikwa kwa plasta ya duka la dawa la Thureya,
ukurasa wa arubaini una doa la ukwaju,
na tukimuuliza Mwanasha, hasemi.

Marehemu Shekuwe, karani wa ghala Kilindini,
aliandika nchi nzima nyuma ya risiti:
mito inayopanda mlima,
majitu yanayoogopa kuitwa kwa jina,
malkia aliyeuza kivuli chake, akajuta.
Mimi hupotea Kongowea mchana kweupe;
huko kwake sijapotea hata mara moja.

Kurasa tisa za mwisho zililiwa na mchwa.
Tulilia. Kisha Faraji, fundi wa friji,
akaja Ijumaa na daftari: "Nimeuona mwisho."
Mwanasha akasema sio huo, akaandika wake.
Nami wangu.

Sasa miisho ni kumi na minne,
na mwanawe Thureya ameanza kitabu kingine kabisa,
cha nchi iliyo ng'ambo ya ile nchi.

Jana tulikwenda kumpalilia kaburi.
Habari za mchwa hatukumwambia.
Tulimwambia malkia karudishiwa kivuli
mara kumi na tatu.
Faraji bado anakataa.