Kina cha Ni

Nilianza mwaliko huu kwa vina na mizani:

*Wajuzi nawaombeni, njooni tufanye kazi,*
*kiini ki atomuni, mlango wake u wazi,*

mstari wa tatu ukanigomea.
Umeme ulikatika Mkolani yote,
kalamu ikalala juu ya madaftari ya kidato cha nne.
Basi nitasema kawaida.

Tuna kitabu kisicho na jalada.
Hakiuzwi. Kinakaa kwenye kompyuta ya shule,
na mwenye simu anakisoma bure, awe Sengerema au Nansio.
Kilitaka kueleza kiini cha atomu kwa Kiswahili,
kikafika ukurasa wa thelathini na moja
kikaishiwa pumzi.

Ukitafuta *mwatuko*, kinakwambia: tazama *muungano*.
Ukienda *muungano*: tazama *mwatuko*.
Nimewaacha wasomaji kama mgeni aliyeuliza njia,
wa Igoma wakamwelekeza Buzuruga,
wa Buzuruga wakamrudisha Igoma.

*Nusu-uhai* niliuandika mwenyewe,
kwa dagaa wa Mwaloni, Kirumba.
Weka dagaa elfu juu ya turubai.
Saa moja ikipita, nusu wameondoka.
Saa nyingine, nusu ya waliobaki.
Nilijisifu kwa mfano ule
hadi Nyamizi Luhende aliponyoosha mkono dawati la nyuma:
"Mwalimu, akibaki mmoja je?
Nani anamwambia kwamba sasa ni zamu yake?"

Nikasema tutaona kipindi kijacho.
Nyamizi amemaliza shule, anauza vipuri vya pikipiki Nyegezi.
Swali lake limebaki darasani,
halijapungua hata nusu.

Ndiyo maana nawaita.

Wewe wa hospitali ile ya kilimani,
unayeielekeza mashine kifuani mwa mama wa watu
ukatoka, ukafunga mlango mzito, ukahesabu:
tuandikie ulichokuwa unahesabu.

Bi Nyangeta Mafuru,
uliyevaa miaka ishirini na sita kile kibandiko cha kupima mionzi,
ukastaafu, ukarudi Ukara kulima mihogo:
kilisomaje, mwisho wa mwezi?

Nanyi mlio kwenye miji ya baridi
mkiota ndoto kwa lugha za watu,
aya moja inatosha. Hata nusu aya.
Mali bila daftari huisha bila habari.

Na mnikosoe.
Kuna mahali nimeandika bati huzuia mionzi ya gama.
Futeni. Leo hii.
Watu wa huku huamini kilichoandikwa,
na bati ndilo walilo nalo.

Malipo hakuna.
Jina lako litakaa chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo,
na ukifika Mwanza kuna sato wa kuchoma,
huyo nitamlipia mwenyewe.

Mji wetu umeketi juu ya mawe.
Watoto huyatelezea, wenye nyumba hushindana nayo,
na wanasema ndani yake mna uraniamu kiduchu,
thoriamu kiduchu,
inayojipunguza taratibu tangu kabla ya ziwa.
Wanasema. Akina nani?
Hapo napo namtaka mtu mwenye kipimo mkononi.

Sasa, gizani, ndipo nimeliona jambo
ambalo miaka kumi na minne ya chaki haikunionyesha:
protoni, nyutroni, elektroni,
yote huishia kwa *ni*,
kama mezani, kama ziwani,
kana kwamba ni mahali, mtu aweza kuingia akakaa.
Na *ni* hiyo hiyo ndiyo tunayoongeza
mmoja asipotosha:
njoo, njooni.

Umeme umerudi.
Mstari wa tatu nimeupata nusu:

*Andikeni, kosoeni,* ………………