Ua Linalonata

Mwaka huu sikukuu ya maua ilichelewa, joto likawahi.
Dasom karudi mbio kutoka mlimani,
kapu limejaa rangi ya waridi hadi mpini.
"Mama, tukaange!"
Kikaango kilikwisha kunukia ufuta,
unga wa mchele umekandwa kwa maji moto,
madonge yamelala chini ya kitambaa kibichi.

Shangazi Bun-nyeo hakutazama.
Siku hizi macho yake huona ukungu kwanza, watu baadaye.
Alitia mkono kapuni kama atafutaye chenji mfukoni,
akatoa ua moja, akalifinya shingoni,
akaachilia.
Ua halikuanguka.
Lilining'inia kidoleni.

"Linanata," akasema. "Na majani haya?
Jindale huja uchi, mwanangu,
huchanua kwanza, nguo zikafuata.
Huyu kaja kavaa. Huyu ni choljuk."

Dasom akabisha: rangi ni moja, mlima ni mmoja!

"Hata mimi niliona ni moja.
Nilikuwa na miaka tisa na njaa ya mwaka mzima,
nikala viganja viwili.
Mama aliniambia moyo wangu ulipiga
pole, pole,
kama mtu abishaye hodi
akiomba asifunguliwe.
Siku mbili."

Kapu zima likaenda shimoni.
Dasom alilia. Tulimwacha alie.

Nyuma ya nyumba, upande usiopata jua,
mna mtungi wa kimchi uliopasuka.
Ndani yake Shangazi alipanda jindale,
udongo wa chini ya msonobari, sindano zake juu kama blanketi,
na dawa ya wadudu haijawahi kuupitia.
Kwa ajili ya kivuli huchelewa kuliko mlima.
Tulihesabu maua: kumi na moja.
Tukang'oa nyuzi za katikati kwa kibano cha nyusi zangu,
tukaosha, tukakausha,
tukabandika kila ua juu ya andazi lililokwisha geuzwa,
moto mdogo, pumzi mbili, basi.
Asali.

Dasom alitafuna, akasubiri.
"Ndiyo hii tu? Haina ladha."
"Ina uchachu kidogo," akasema Shangazi, "ukinyamaza."

Jioni nilimwona mtoto peke yake kwenye ua wa nyumba,
anafinya shingo ya kila kichanuacho,
cha jirani, cha njiani, hata cha plastiki mlangoni,
kisha anafungua vidole
na kungoja kuona nani atamwachia.