Mshono

Waliniuliza mapema, arubaini haijesha:
usiku ule mwezi ulipopatwa, Time, ulikata nini?
Ulishika kisu? Ulipasua nazi? Ulichana miyaa?
Nilichana, nikasema. Kila usiku nachana miyaa,
ndiyo inayonunua sukari.
Wakatikisa vichwa kama watu walioona walichokifuata,
wakamaliza uji wangu wa pilipili manga, wakaondoka.

Na wewe, Shaame, ulikuwa mapajani,
mdomo wa juu umeachana hadi puani,
maziwa yanaingia huku yanatokea kule,
na macho yako yananitazama
kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusema.

Ni Raya, nesi wa kliniki ya Wingwi,
aliyerudisha mlango, akakaa chini
juu ya mkeka niliowauzia mwenyewe mwaka juzi.
Akaokota vipande viwili vya ukili.
Uso, akasema, hauchongwi. Unashonwa.

Wiki ya nne hakuna uso.
Mtoto hajafika punje ya mchele;
ana vivimbe vitano vimezunguka kitundu:
kimoja cha paji, viwili vya mashavu, viwili vya taya.
Macho yako ubavuni, kama ya changu.
Pua ni vidimbwi viwili visivyojuana.
Halafu kila upande unatambaa kwenda kati,
taya zinatangulia kukutana
(ndiyo maana kidevu chake kizima, tazama),
mashavu yanafuata, yanaisukuma pua ikae pamoja,
na hapo, juu ya mdomo,
ukili unafika kwa ukili.
Au unakaribia, usifike.
Wiki ya sita. Ya saba.

Wiki ya sita!
Miye nilikuwa sijui hata kama upo.
Nilidhani pweza wa jana kanichafua tumbo.
Nikahesabu kwa vidole, nikarudia:
mwezi ulipatwa Rajabu,
na uso wako ulipita mikononi mwa mshonaji Mfunguo Nane.
Kisu changu kilichelewa miezi miwili.

Nililia pale pale, mbele ya mizani ya watoto.
Raya hakuninyamazisha. Aliendelea tu, taratibu,
kama anayesoma hesabu za duka:
ngozi yako mwanzo ilikuwa ganda la kitunguu,
mishipa yote inaonekana;
kisha ikajikunja ncha za vidole, mistari isiyofanana na ya yeyote;
kisha yakaota malaika, mwili mzima.
Nikamuuliza kwa nini neno ni moja,
vinyweleo vile na wale wa mbinguni.
Akasema hilo hawakufundishwa chuoni.

Lakini niliyaona, Shaame. Ulitoka nayo mabegani,
na katika mikunjo ya mapaja limeganda tui,
tui zito la kwanza,
lililokupaka usichujuke katika maji miezi yote ile.
Na maji hayo uliyameza. Kwa mdomo huo huo.
Huko ndani hukuwa na upungufu wowote,
hakukuwa na jirani.

Gusa hapa, akaniambia, chini ya pua yako.
Nikagusa. Kibonde.
Hapo ndipo wewe ulipofungwa.

Tangu siku hiyo wakija siwatazami macho.
Natazama kibonde.
Bi Mkasi anacho kirefu, kimekaa upande kidogo.
Mwanaidi chake hakionekani kama hakucheka.
Wanauliza, mbona watukodolea, Time?
Nasema nakagua kazi.

Jumanne tunakwenda Mkoani kwa gari la alfajiri.
Umefika kilo walizozitaka, kwa kijiko, tone kwa tone.
Wanasema uzi wa daktari ni mwembamba kuliko unywele
na hautolewi, unayeyuka wenyewe.
Sijui kama nitaweza kusimama.
Ila nitamwomba, kabla hajaingia nawe,
anioneshe sindano.