Kitanda cha Usumba

Dominika ya kwanza tulikwenda kukata mvinje,
matawi machanga, tukayazungusha kwenye ungo uliotoboka
ukawa taji. Mishumaa ya zambarau
dukani kwa Bi Shufaa hakuna.
"Kuna hii myeupe, ya stima ikipotea.
Nyinyi mwataka ya rangi, mwenda nayo wapi?"
Nikachana pindo la leso yangu kuukuu
nikaifunga mitatu viunoni, wanawali wangojao harusi.
Wa nne ukavaa utepe wa nywele wa Nyevu,
ule wa waridi,
na Nyevu akalia mpaka akalala.

Jumanne mbuzi wa Bi Shufaa akaingia barazani
akala robo ya Majilio.

Hori letu ni kopo la maziwa ya unga.
Nilifumua kumbi la nazi, nikawaonyesha usumba:
kila jema, uzi mmoja,
Mtoto asije akalalia bati.
Chengo ana miaka sita na roho ya karani.
"Nimeteka maji." Uzi.
"Nimemwamkia Bi Shufaa bila kuambiwa." Uzi.
"Leo nilitaka kumzaba Nyevu kofi,
na sikumzaba."
Hilo lilinishinda kidogo.
Nikampa nusu.
Akaukata kwa meno, akautia, akanitazama
kama mtu aliyepunjwa sokoni.

Nyevu hahesabu. Nyevu huuliza.
"Yesu yuko wapi sasa?"
Yuaja.
"Na tuktuk?"
Yuaja tu, mwanangu.
"Baba naye yuaja. Mbona haji?"

Watamu hoteli zimejaa, Desemba haina likizo,
baba yao abeba sinia za watu wanaokula polepole.
Kila Jumapili nawasha mshumaa, nasema neno lile lile,
yuaja,
na kila Jumapili silijui vizuri zaidi:
si amefika, si hafiki,
ni mlango ulioegeshwa
na sisi watatu tumeukazia macho.

Dominika ya tatu, ile ya furaha,
nilitoka kufua mashuka ya nyumba za wageni
nikapanda njia ya Muyeye, vidole vimepasuka kwa sabuni.
Mlangoni nikasimama.
Sufuria zote zimepangwa juu ya mkeka,
hata ile ya ugali, ambayo tangu niolewe
sikuwahi kuuona mgongo wake,
zang'aa kama sahani za altareni.
Nyevu kaketi katikati, jivu mpaka viwikoni.
Kando yake kifungu cheusi, kimelowa.
Kando yake kopo, tupu.

"Mama!" Chengo analia kwa kwikwi,
"kaoshea vyombo kitanda cha Yesu!"

Nilitafuta karipio, nikakosa nilipoliweka.
Nikaketi kizingitini.
Nyevu, kwa nini?
Akainua mkono wangu, akauona, akaurudisha pajani pangu
taratibu, kama yai.
"Yauma," akasema.

Haya, karani, piga hesabu:
ukivunja kitanda cha Mfalme
kwa ajili ya mkono wa mama yako,
waandikiwa nyuzi ngapi?
Chengo alifuta kamasi. Alifikiri sana.
Kisha akakiokota kile kifungu chote,
akakisuuza bombani mara tatu,
akauanika usumba juu ya ua, uzi mmoja mmoja,
pamoja na ile nusu yake
ambayo sasa hakuna aliyeijua ni ipi.

Usiku tukawasha mshumaa wenye utepe.
Simu ikalia: zamu itakwisha tarehe ishirini na nne, usiku,
Mungu akipenda, msiwalaze mapema.
Nyevu hakusikia. Alikuwa ametia pua koponi.
"Chanuka sufuria," akasema. "Chanuka wali wetu."

"Basi," Chengo akasema, akipanga nyuzi sawasawa,
"atajua ni hapa."