Bado

Matone ya kwanza, saa mbili asubuhi.
Aganze muuguzi akanimulika: "Bado, mama."
Matone ya pili. Bado.
Ya tatu yakashuka hadi mdomoni, machungu kama kwinini.
Bado.

Nikacheka peke yangu kwenye benchi.
Miaka thelathini na minane kule Kadutu
neno hilo lilikuwa langu.
Bado, usisukume. Bado, pumua.
Vidole viwili. Vidole vitatu, na usiku mrefu.
Leo nangojewa mimi,
na mlango uliokataa kufunguka uko jichoni.

Daktari Zihindula hakunificha:
mboni yako ni ndogo, mama Nsimire,
milimita tatu, na haitaki kuongezeka.
Ule wekundu wa zamani, ulioutibu kwa majani,
uligandisha pazia.
Nyuma ya pazia ndiko alikojificha mtoto.

Mtoto wa jicho.
Aliyempa jina hilo
ama hakuwahi kuzaa, ama alizaa sana.
Nimembeba miaka minne bila kichefuchefu.
Alianza kwa kula tundu la sindano,
akala tarakimu za noti,
akala milima ya ng'ambo ya Ruzizi,
mwisho akala uso wa mjukuu wangu Cito,
nikaachiwa sauti: "Koko, niko huku."

Walinifunika, wakabakiza tundu moja.
Nje jenereta ilikohoa,
mwenye kinu akagombana na mteja juu ya pumba.
Nikasikia daktari akiomba kulabu.
Ngapi? nikauliza.
"Nne, mama, nyembamba kama unywele. Usitikise kichwa."

Nne.
Moja akaivuta kuelekea ziwani,
moja Ruzizi, moja Panzi,
moja upande wa Kahuzi,
polepole,
mpaka mboni yangu ikawa mraba,
dirisha la nyumba ya mbao.
Hakupasua. Hakuharakisha.
Hapo nikamwamini. Kijana anayejua kuungoja mlango
kuna mtu alimlea.

Kisha maji. Kisha uzito mdogo,
kama pale kichwa kinapojizungusha chenyewe
na mzazi anaacha kulia kwa kukosa nafasi.
"Ametoka."
Wa kike au wa kiume? nikauliza chini ya kitambaa,
chumba kizima kikacheka, hata yule wa ganzi.

Baadaye Aganze alinieleza alichokiona kisahanini:
punje ya kahawia, ngumu, imezidi dengu kidogo.
Haikulia, akatania.
Wapo wengine ambao hawakulia.
Nawajua kwa idadi, sikuwahi kuwajua kwa majina.
Sikumjibu.

Kesho yake wakafungua bendeji.
Nuru iliingia vibaya, kwa fujo,
kama soko linapokimbia mvua.
Halafu vitu vikakaa chini, kimoja kimoja:
sinki, msumari, kalenda ya mwaka juzi.
Mikono yangu. Jamani, mikono hii,
nani amenirudishia ya marehemu mama?

Mlangoni, mkwe wangu Ziruka na sufuria ya sambaza.
Nikatazama mapajani, kwenye kitenge
alichoninunulia kwa pesa yangu,
cha kijani, alisema, kijani cha majani ya chai,
miezi tisa nakivaa kanisani.
Ni cha kijivu. Tena kimechuja.

"Koko, unaniona?" akauliza Cito,
na pengo la meno ambalo hakuna aliyeniambia.
Ziruka akatazama sakafu.
Nikaifuata macho yake hadi miguuni:
kandambili moja ya bluu, moja nyekundu,
zote mbili zimeshonwa kwa waya.

Daktari anasema mboni haitarudi duara kamili,
itabaki na pembe kidogo.
Jicho la kushoto, mwezi ujao.
Na habari ya kitenge,
nilikwisha fungua mdomo.

Bado.